Mzigo wa Diaca

Mocímboa da Praia, 14 Juni 2025

Baba Nadia,

Assalaam alaikum. Sisi wazima, mtoto mzima, mama yako mzima na mdomo wake mzima.

Najua utacheka ukiona barua. Haula ameanza mambo ya kizamani, utasema. Lakini simu yangu kioo kimekufa, na nikiazima ya jirani, professora Benilde, unapokea na kusema "naendesha, nitakupigia," ukakata. Hupigi. Barua haikatwi. Nitampa dereva yeyote anayepanda Mueda akuachie kwa Nazira, pale mnapokula wali, na wewe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

La kwanza ni binti yako. Ana nywele, Latifu, we acha tu! Zimeshuka mpaka masikioni. Arobaini imepita, Idi imepita, kila anayeingia hapa anamshika kichwa na kuuliza, "Hajanyolewa?" Mimi ningemnyoa zamani. Mama yako ndiye hataki. Anasema kwenu Lindi nywele za tumbo za mtoto wa kwanza hunyolewa mtoto akiwa mapajani mwa baba yake, mbele ya watu, asije siku moja akaulizwa yeye wa nani. Wewe ulinyolewa hivyo, baba yako alinyolewa hivyo. Basi tunangoja mapaja yako. Jina umempa kwa simu, kumwona hujamwona, angalau hilo la nywele lisiwe kwa simu.

La pili ni matumizi, na usikasirike. Tangu uingie kwenye hiyo aplikativo ya mizigo ya kwenye simu, hela inaingia kila wiki kwenye simu ya Benilde, sikatai. Zamani haikuwa hivyo. Lakini zamani ulikuwa ukipeleka mzigo Mueda unarudi tupu, na kurudi tupu kwako hakukuwa tupu. Ulisimama Diaca kwa kaka Amido ukapakia makaa, muhogo mkavu, kuni, maboga, mara kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele huko nyuma. Sokoni nilikwenda kununua samaki na chumvi tu. Sasa nanunua yote. Makaa nanunua kwa kopo! Mke wa mwenye lori anapanga foleni na kopo, na yule mama muuzaji ananitazama usoni halafu anatazama kopo. Hela inakuja nyingi na kuondoka nyingi. Mwisho wa mwezi niko pale pale nilipokuwa, ila wewe hupo.

Njoo hata siku mbili.

Mkeo,
Haula


Mueda, 27 Juni 2025

Mama Nadia wangu,

Waalaikum salaam! Nazira amenipa barua yako mbele ya madereva wote, wakanicheka mpaka nikaona haya, halafu mmoja akaniambia yeye mkewe hamwandikii hata meseji. Nikatembea kifua mbele.

Nisikilize sasa. Wewe unaona makaa, huoni tulikotoka. Umesahau nilivyokuwa nashinda stendi namngoja dalali? Anakuja saa sita, amekula ameshiba, anatazama lori langu anasema leo hakuna. Kesho hakuna. Akinipa mzigo anakata chake kwanza, na ninarudi tupu na mafuta ni yangu. Wewe unasema kurudi tupu hakukuwa tupu, lakini mafuta yale nani alilipa?

Sasa dalali sina. Simu inalia yenyewe. Natoa saruji Pemba kuja Mueda, sijamaliza kushusha inaniambia kuna mbao za kwenda Montepuez. Montepuez kuna mahindi ya Nampula. Nampula kuna sabuni ya Pemba. Lori halikai tupu hata kidogo, na wateja wananipa nyota. Nyota ndiyo heshima yetu huku, mama. Mwenye nyota nyingi anaonyeshwa mzigo mzuri kwanza, na ukikataa-kataa zinashuka. Mimi niko juu, Haula! Watu nisiowajua wananiandikia "senhor Abdulatifu." Lini dalali aliniita senhor?

Mocímboa mizigo inayoonekana ni michache, wafanyabiashara wa hapo bado hawajaizoea hii kitu. Lakini naapa, siku ukionekana mzigo wa kuja kwetu, ninao. Mwambie mama asiguse wembe.

Nimetuma hela kubwa kidogo. Nunua geleira. Utauza barafu na maji baridi, hutahangaika na makopo ya watu.

Mumeo,
Abdulatifu


Mocímboa da Praia, 8 Julai 2025

Baba Nadia,

Hela imefika. Geleira sijanunua. Umeme wetu unaujua, unakaa kidogo unaaga, na mimi barafu nikamuuzie nani kwenye kipupwe hiki? Nimeiweka kwanza.

Benilde ananiambia nina bahati, mume wa kutuma hela. Yeye mshahara wake wa ualimu unachelewa mpaka anakopa sabuni kwangu. Nikamwambia ndiyo, nina bahati. Akaenda kwake, nikafunga mlango, nikakaa. Latifu, nitakuambia na usinione mjinga. Bado napika wali wa watu wawili. Mkono wenyewe unapima. Mama yako anakula kidogo kama ndege, kinachobaki nakula asubuhi, peke yangu, kabla mtoto hajaamka. Tulipokuwa ukimbizini Pemba wakati wa vita, watu kumi na moja chumba kimoja, nilikuwa naomba Mungu anipe nyumba yenye nafasi. Kanipa. Nafasi imekuwa kubwa mno.

Sikuombi uache kazi. Nakuuliza hiyo simu inajua una mtoto? Ina mahali pa kuandika hivyo?

Mama yako anakusalimu. Wembe ameuficha yeye mwenyewe.

Haula


Mocímboa da Praia, 19 Julai 2025

Mume wangu,

Nimefanya jambo! Usinicheke, au cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Ulisema ukionekana mzigo wa kuja kwetu unao. Nikakaa nikawaza, mizigo inatoka wapi? Inawekwa na watu. Na mimi si mtu? Nikamwendea Benilde, tukaenda wote hadi kule vila, mjini kati, mtandao unakokubali, akaingia kwenye hiyo aplikativo yako kwa simu yake, akajaza yeye nami nasema. Ijumaa tarehe 25, asubuhi, kutoka Diaca kuja Mocímboa. Mbuzi mmoja wa akika, kaka Amido ameshamfunga. Magunia ya muhogo mkavu. Makaa. Yale yale uliyokuwa ukituletea, sasa nayalipia nauli. Nimelipa kwa hela ya geleira.

Jina langu halionekani, linaonekana la Benilde tu. Kwa hiyo ukiona mbuzi na muhogo wa Diaca, ujue ni mkeo huyo. Bonyeza haraka kabla ya mwenzako!

Nilikupigia nikuambie kwa mdomo. Ukasema unaendesha. Basi barua hii naituma kwa Nazira leo hii, ikukute mapema.

Watu nimeshawaalika. Mama yako ameshatoa mkeka mpya wa ukili. Mimi nimeanza kusuka nywele na Benilde anasema nakaa kama bibi harusi. Mwache aseme. Ijumaa, Latifu. Mchana nitakuwa nasikiliza barabarani.

Haula wako


Mocímboa da Praia, 27 Julai 2025

Baba Nadia,

Nakuandikia mtoto amelala, kichwa kinang'aa kama yai. Amenyolewa.

Sitakuficha, lori liliposimama nilitoka mbio na kanga imenianguka mabegani, nimepaka wanja, na watu wote wananitazama. Mlango ukafunguka, akashuka kijana wa Kimakonde, msalaba shingoni, akasema bom dia, hapa ndipo unapoletwa mzigo wa professora Benilde? Nilirudi ndani nikakaa kitandani, na wanja wote ukaharibika.

Nje nikasikia mama yako anamhoji. Unajua anavyohoji. Wewe nani? Henrique. Unamjua mwanangu Abdulatifu? Akasema, "Namjua sana mama, yeye ndiye aliyenipa mzigo huu. Aliniambia chukua wewe." Hapo mama yako akapiga kigelegele! Akasema, "Mmesikia? Amemtuma wakili!" Wanawake wote wakaitikia. Kama ndoa ina wakili, nywele kwa nini zisiwe na wakili? Henrique wa watu akatazama huku na huku, hajui kinachoendelea, akidhani anasubiri kusainiwa mzigo. Wakamvua viatu, wakamnawisha mikono, wakamkalisha kwenye mkeka, wakampa mwanao. Mzee mmoja akanong'ona habari ya msalaba. Mama yako akamwambia wakili ni wakili.

Nilitoka nikaona. Alimshika vizuri, Latifu. Mtoto hakulia hata wembe ulipopita nyuma ya sikio. Alikuwa anamtazama huyo kijana. Ndiye mwanamume wa kwanza kumpakata tangu azaliwe.

Nilikuwa na hasira na wewe. Sasa nimeipunguza. Najiambia alikuwa na sababu, mzigo mwingine ulishamfunga, akaona asiache mambo yaharibike, akachagua mtu mwema akamtuma. Ulifikiria. Si sawa na kuja, lakini ulifikiria. Wali ulitosha, nyama ilitosha, na Henrique tulimfungia ya njiani.

Niambie tu ulimwambia nini alipoondoka. Ulimwambia amshike vipi? Nataka kujua maneno yako.

Haula


Montepuez, 28 Julai 2025

Mama Nadia,

Salaam kutoka Montepuez, vumbi mpaka kwenye meno. Nampa barua hii mchuuzi mmoja wa korosho, anapitia Pemba kwanza, kwa hiyo itachelewa, lakini nimekaa hapa nangoja lori lipakiwe na nimekukumbuka.

Nikuchekeshe. Ijumaa nilikuwa Mueda, sikupita hata kwa Nazira maana nilikuwa na haraka ya mbao. Simu ikalia. Natazama: Diaca kwenda Mocímboa, mbuzi na muhogo mkavu! Wallahi nilicheka mpaka machozi. Mbuzi, Haula! Watu wamepewa teknolojia, wao wanaweka mbuzi. Na bei yenyewe hata mafuta haifiki. Nikawaonyesha wenzangu, nikasema kuna professora bahili hapo Mocímboa anataka lori zima limbebee mbuzi wake kama waziri. Kulikuwa na kijana mgeni, Henrique, lori lake bovu na nyota hana. Nikamwambia chukua wewe, wewe ndiye wa mbuzi. Akanishukuru, masikini.

Usiseme kwa nini sikuuchukua na ni wa kwetu. Ningefika na mbuzi, halafu kutoka hapo ningebeba nini? Ningerudi tupu. Kuukataa mmoja si kitu, nyota ninazo za kutosha. Nangoja mzigo wa maana, nije kwa heshima.

Geleira inafanya kazi?

Abdulatifu


Mueda, 9 Agosti 2025

Mke wangu Haula,

Nimerudi Mueda leo. Nazira amenipa barua zako mbili pamoja, ya mzigo na ya nywele, nikazisoma nimesimama. Wali nimeuacha.

Mke wangu, ndivyo ilivyokuwa, kama mama alivyosema. Nilimtuma Henrique. Mbao za Montepuez zilishanifunga, nikajua kabisa mzigo ule ni wako, nitaachaje kujua? Nikamwita kando, nikamwambia, Henrique, wewe ni ndugu yangu, huyo mbuzi ni wa binti yangu, ukifika kaa mahali pangu. Nikamwambia amshike kichwa kwa mkono wa kushoto. Mwambie mama namshukuru kwa kuelewa haraka.

Kama kuna barua yangu ya Montepuez haijafika, ikifika usiisome. Niliiandika na homa, sijui hata nilisema nini. Itie motoni.

Nimetuma hela, ya mbuzi na ya kila kitu, na zaidi. Nunua unachotaka. Nunua magunia ya makaa, si kopo. Alinyolewa saa ngapi? Nywele mmezipima, mmezitolea sadaka? Mwenzio hapa nimekaa kwenye lori naangalia mkono wangu. Jamani. Ningemshika.

Nitakuja. Usinijibu kwa ukali.

Mumeo,
Abdulatifu


Diaca, 11 Septemba 2025

Latifu,

Barua zako mbili zilifika siku moja, mkono kwa mkono. Ya Montepuez ilizunguka na korosho zake mpaka ikaikuta ya Mueda. Nilisoma kwanza ile uliyonikataza, na wewe unajua ningeisoma.

Mama yako alikuwa amekaa mlangoni, akaniuliza mwanangu anasemaje. Nikamsomea ya Mueda. Yote, pamoja na mkono wa kushoto. Alilia kwa furaha, akaenda kuwaambia majirani. Ya Montepuez hajui ipo na hataijua kwangu. Kwa mama yako wewe ni mtu uliyemtuma wakili, na nitakuacha ubaki hivyo. Ila kwangu nimebaki na maneno yale ya kuukataa mmoja si kitu. Kumbe inawezekana kukataa! Tangu Juni unaniambia haiwezekani. Mimi huku niliamini simu ndiyo imekushika, hasira yangu ikawa kwa simu. Sasa umeniachia mtu wa kumkasirikia.

Bahili wa mbuzi ni mimi. Nilipanga bei ile kwa hela yote niliyokuwa nayo.

Hatupo Mocímboa. Mwezi uliopita nilifunga nyumba, nikamchukua mtoto, mama yako akaja mwenyewe bila kubembelezwa, tukahamia huku Diaca kwa kaka Amido. Huku makaa hayanunuliwi, kuni hazinunuliwi, muhogo nauanika mwenyewe juu ya bati. Sikumbuki lini nimeshika hela. Hela zako zinaingia kwa Benilde zinakaa, nimemwambia akope akitaka mpaka mshahara wake ufike. Usiku bado naongea peke yangu, hilo halijapona kwa kuhama. Nilidhani ni nyumba.

Leo asubuhi nilikuwa uani nageuza muhogo, Nadia mgongoni. Nikasikia lori linatoka upande wa Mueda na nikalijua kabla halijatokea, maana lori lako nalijua linavyokohoa likishika mteremko. Ukapita. Nilikuona uso wako, umekonda. Nyuma hukubeba kitu. Ulikuwa unatazama mbele, unakwenda kasi, unakwenda nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Ningepiga kelele ungesikia. Amido alitaka kukimbia barabarani, nikamshika shati.

Usinione mkatili. Miguu yangu yenyewe ilikuwa inataka. Lakini nimeshakuita kwa simu, nimeshakuita kwa barua, nimeshakuita kwa mbuzi. Nikasema leo siiti.

Ndiyo nimekaa hapa chini naandika haraka, dereva wa chapa, kile kibasi cha abiria, anangoja kuondoka, atampa Benilde mkononi. Wewe utafika utakuta kufuli. Utakaa kwenye ngazi. Na simu nayo italia, maana Mocímboa siku hizi wameanza kuweka mizigo, Benilde ameniambia, mizuri tu, ya kwenda Pemba. Namwomba Benilde, kwa mdomo wa dereva huyu, asikufuate, asikuambie lolote. Barua hii akupe ukienda kwake ukamuuliza mke wangu na mwanangu wako wapi. Usipouliza, abaki nayo.

Kwa hiyo kama unaisoma, umeuliza. Nyumba ya Amido unaijua.

Na kama hujauliza hutayasoma haya, na mimi nitakuwa hapa hapa uani, kila lori likitokea upande wa pwani nasimama, mpaka siku nitakayoacha kusimama.

Haula